Dar hadi Mwanza kwa Ndege: Ni Saa Ngapi Hasa?

Na Mwandishi Wetu

Mwulize mfanyakazi yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kupanda ndege kwenda Mwanza: "Safari ile ni ya saa ngapi?" Atakujibu bila kusita kwamba ni saa moja na nusu. Mwulize mwenzake aliyezoea basi, atakwambia ni kutwa nzima na sehemu ya usiku. Mwulize mzee aliyesafiri miaka mingi kwa garimoshi, atatabasamu, kisha atakwambia ni siku moja na nusu au zaidi, na chakula chako ukifunge nyumbani.

Wote watatu wamesema kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyekujibu. Kila mmoja amekupa muda wa chombo. Hakuna aliyekupa muda wa msafiri. Chombo huanza safari yake kiwanjani au kituoni. Wewe, ndugu msomaji, huanza safari yako mlangoni pako, na huimaliza mbele ya mlango wa yule unayemwendea. Baina ya mlango na mlango ndimo mshahara wa mwezi unamoweza kupotelea. Ndimo pia, wakati mwingine, mtu anamochelewa jambo ambalo halirudi tena.

Makala haya yanakusudia kuipima safari hiyo moja, ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kwa rula na kwa saa. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba familia nyingi za mjini zina mguu mmoja huku Pwani na mguu wa pili kule Kanda ya Ziwa. Ya pili nitaieleza mbele, maana ni ya nyumbani kwangu, wala si ya kujivunia.

MSTARI ULIONYOOKA

Tuanze na umbali. Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere, pale Dar es Salaam, kiko katika latitudo ya nyuzi 6 na dakika 53 kusini ya Ikweta, na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 12 mashariki. Kiwanja cha Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, kiko nyuzi 2 na dakika 27 kusini, na nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Haya si maneno ya kumtisha mtu. Mpe mwanao wa sekondari penseli na karatasi, atakupatia umbali huo kabla chai haijapoa.

Siri yake ni hii. Marubani na mabaharia hupima mwendo wao kwa maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Maili hiyo haikuokotwa ovyo. Ni sawa na dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia. Kutoka Dar es Salaam hadi usawa wa Mwanza kuna tofauti ya nyuzi 4 na dakika 26 kuelekea kaskazini, yaani dakika 266, nazo ni maili 266. Kuelekea magharibi kuna tofauti ya nyuzi 6 na dakika 16, yaani dakika 376. Kwa kuwa tuko karibu sana na Ikweta, nazo tunaweza kuzihesabu kuwa maili 376 bila kukosea sana. Sasa una pande mbili za pembetatu mraba. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande wa tatu ni karibu maili 460, ambazo ni karibu kilomita 850.

Huo ndio umbali wa mstari ulionyooka. Ukiuchora kwenye ramani ya shule utaona kwamba unapita kusini ya Handeni, unaikata nyika ya Kiteto, unakaribia ncha ya kusini ya Ziwa Eyasi, kisha unateremka katika tambarare za Usukuma. Ni njia ambayo hakuna basi linaloweza kuifuata. Barabara kuu inalazimika kupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, na mpaka ufike Mwanza umekwisha tembea zaidi ya kilomita 1,100. Reli ni ndefu kuliko hiyo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo garimoshi huenda kwanza magharibi hadi Tabora, ndipo linapogeuka kuelekea kaskazini. Njia hiyo ina urefu wa karibu kilomita 1,220.

Basi, kabla injini haijawashwa, ndege imekwisha kuokolea theluthi moja ya njia ya garimoshi kwa sababu tu haiulizi mlima uko wapi wala daraja liko wapi.

MWENDO WA HEWANI

Sasa tuutazame muda. Zamani, wakati wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, ndege iliyojulikana sana katika anga letu ilikuwa Dakota. Dakota ilikwenda chini kidogo ya kilomita 300 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 850 zingekula karibu saa tatu hewani, bila kuhesabu vituo vya njiani.

Leo mambo yamebadilika. Ndege kubwa za jeti zinazotumika katika njia za ndani huweza kwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa zikiwa juu. Ukigawa 850 kwa 830 utapata saa moja na dakika moja tu. Kwa nini basi ratiba inasema saa moja na dakika 20, au saa moja na nusu?

Jibu ni kwamba ratiba haihesabu muda wa kuwa juu peke yake. Muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa, na huisha inaposimama mahali pake kule iendako. Ndani ya muda huo ndege hutambaa polepole kuelekea njia ya kurukia, na huenda ikasubiri nyingine itue kwanza. Huruka ikiupa upepo uso, hata kama upepo huo unatoka upande usio wa Mwanza, kisha ndipo inapogeuka kuishika njia yake. Hupanda kwa mwendo mdogo kuliko ule wa juu, na kabla ya kutua hupunguza mwendo tena kwa muda mrefu. Hayo yote ndiyo yanayoifanya saa moja kuwa saa moja na nusu.

Aina ya ndege nayo ni jambo la kuuliza. Ndege za pangaboi, ambazo zinafaa sana kwa viwanja vidogo na hutumia mafuta kidogo, huenda kati ya kilomita 500 na 650 kwa saa. Kwa ndege hizo safari hiyo hiyo huweza kukaribia saa mbili. Tena zipo safari ambazo ndege hutua kwanza katika kiwanja kingine cha njiani, ikashusha watu na kupakia wengine. Tiketi mbili zinaweza kuandikwa "Dar es Salaam hadi Mwanza", na bado moja ikawa ndefu kwa saa nzima kuliko nyingine. Karani anayekuuzia tiketi anajua jambo hilo. Ni haki yako kumwuliza.

MLANGO HADI MLANGO

Hebu sasa tumchukue mfanyakazi mmoja, tumwite msafiri wetu, anayeishi Bunju na anayemwendea dada yake Igoma, Mwanza. Ndege yake inaruka saa nne asubuhi.

Kutoka Bunju hadi kiwanja cha ndege, asubuhi ya siku ya kazi, hesabu ya busara ni saa mbili. Barabara ya juu pale TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 2018, imepunguza taabu nyingi katika Barabara ya Nyerere, lakini foleni haikuzikwa. Imehamia mahali pengine. Afikapo kiwanjani, atatakiwa awe amefika kiasi cha saa mbili kabla ya ndege kuruka, ili apimiwe mizigo, akaguliwe, na aketi kungojea. Hewani ni saa moja na nusu. Kule Mwanza atasubiri mizigo yake kiasi cha nusu saa. Kiwanja chenyewe kiko nje ya mji, kiasi cha kilomita kumi, na Igoma iko upande wa pili wa mji. Tumpe saa moja. Jumlisha: saa mbili, na mbili, na moja na nusu, na nusu, na moja. Ni saa saba.

Kwa hiyo safari ya "saa moja na nusu" ni ya saa saba. Msafiri wetu alitoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri, na anabisha hodi kwa dada yake saa saba mchana. Ukigawa zile kilomita 850 kwa saa saba utaona kwamba amekwenda kwa mwendo wa kilomita 121 kwa saa, mwendo wa gari dogo lenye dereva asiyeogopa askari wa barabarani.

Tumlinganishe na jirani yake anayekwenda kwa basi. Kufika Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi na kungojea, tumpe saa mbili. Njiani, pamoja na kusimama kwa chakula na kwa mizani, tumpe saa kumi na sita. Kutoka stendi ya Mwanza hadi Igoma, nusu saa. Jumla ni saa kumi na nane na nusu.

Tofauti kati yao basi si ya saa moja na nusu dhidi ya saa kumi na sita, kama watu wanavyosimuliana. Ni ya saa saba dhidi ya saa kumi na nane na nusu. Ndege imemwokolea msafiri wetu saa kumi na moja na nusu, yaani siku moja ya kazi pamoja na usingizi wa usiku mmoja. Hicho ndicho unachokinunua unapolipa nauli ya ndege. Kama siku hiyo moja ina thamani kubwa kwako, lipa bila kujuta. Kama unakwenda likizo ya wiki tatu, wewe na mama watoto na watoto wanne, huenda nauli za watu sita zikawa ni ada ya shule inayoruka angani. Basi litakufikisha, na watoto wataiona nchi yao kwa macho yao.

SAA YA NANI?

Sasa nimefika katika sababu ya pili niliyoahidi kuieleza.

Mwaka 2017 bibi yangu mzaa baba alifariki dunia Sengerema, ng'ambo ya Mwanza, Jumanne jioni. Mwanawe wa kwanza, baba yangu mkubwa, alikuwa akiishi Gongo la Mboto, baada ya kustaafu kazi. Jumatano tulikutana, tukachanga. Michango ilitosha nauli ya ndege ya mtu mmoja, na hapakuwa na ubishi ni nani. Wazee wa kule walikuwa wamekwisha amua kwamba mazishi ni Alhamisi saa kumi alasiri, kwa kuwa watu wametoka mbali na maiti haiwezi kulala siku ya tatu.

Mimi ndiye niliyetumwa kununua tiketi. Niliipata. Ndege ya Alhamisi, saa zilizoandikwa 07:00. Nilirudi kazini nikiwa na kazi ya kumaliza, na jioni Baba Mkubwa akanipigia simu.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umefanikiwa?"

"Nimefanikiwa. Tiketi atakuletea kijana wa hapa ofisini usiku huu."

"Ndege inaondoka saa ngapi?"

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Nikatazama, nikaona sifuri na saba, na mdomo wangu ukasoma kile macho yalichokiona. Nikamjibu: "Saa saba, Baba Mkubwa."

Msomaji atakuwa amekwisha kuelewa. Saa 07:00 ya tiketi ni saa moja asubuhi. Mzee wangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuchelewa kazini, alifanya hesabu zake vizuri kabisa. Ndege ya saa saba mchana, basi afike kiwanjani saa tano. Nyumbani kwake si mbali na kiwanja. Alioga, akavaa kanzu yake, akafika saa tano kamili na kifurushi cha sanda mkononi. Ndege yake wakati huo ilikuwa imekwisha tua Mwanza saa mbili na nusu zilizopita.

Mabasi ya siku hiyo yalikuwa yamekwisha ondoka alfajiri, na miaka ile mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Ruhusa hiyo ilikuja kutolewa mwaka 2023. Tiketi nyingine ya ndege hatukuwa na uwezo nayo. Aliondoka Ubungo Ijumaa alfajiri, akafika Mwanza usiku wa manane, akalala kwa jamaa, na Jumamosi asubuhi akavuka Kigongo kwa kivuko. Alipofika Sengerema alikuta udongo wa kaburi umeanza kukauka.

Sitasema zaidi juu ya siku zile. Nitasema tu kwamba kosa lilikuwa langu, wala si la shirika la ndege, wala la karani, wala la saa.

HESABU ZA JUA

Nimelifikiri sana kosa lile, nami nimegundua kwamba si la mtu mmoja. Tangu siku hiyo, nikilisimulia, hakosekani mtu wa kuniambia la kwake: mwingine aliyesoma 12:45 akadhani ni jioni, kumbe ni saa saba kasorobo mchana, mwingine aliyeona 06:00 akadhani ni saa sita, akafika mchana wa jua kali akakuta kaunta imefungwa.

Chanzo chake ni kwamba sisi tunatumia saa mbili kwa pamoja. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Nayo ni hesabu yenye akili sana katika nchi iliyo karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana na usiku haubadiliki sana mwaka mzima. Jua likishachomoza ikapita saa moja, tunasema saa moja. Saa ya tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane, na huendelea bila kukatika hadi 23:59. Hesabu hizo mbili hazigombani; zimepishana kwa saa sita tu. Hatari iko pale mtu anapoitazama moja na kuitamka kwa ulimi wa nyingine.

Kanuni ya kuzigeuza ni nyepesi, na ingefaa kubandikwa ukutani jikoni. Ukiona kwenye tiketi saa kuanzia 00 hadi 06, ongeza sita: 00:30 ni saa sita na nusu usiku, 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Ukiona kuanzia 07 hadi 18, toa sita: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Ukiona kuanzia 19 hadi 23, toa kumi na nane: 19:00 ni saa moja usiku, 22:00 ni saa nne usiku.

Iko hatari nyingine iliyojificha katika saa za usiku, nayo ni tarehe. Kwetu sisi usiku wa Jumatatu ni usiku mmoja, mpaka kuche. Kwa tiketi, siku hukatika katikati ya usiku. Ndege iliyoandikwa Jumanne saa 00:30 huondoka katika usiku ambao wewe unauita wa Jumatatu. Ukienda kiwanjani Jumanne jioni, umechelewa karibu siku nzima. Wanaosafiri kwenda nje, hasa vijana wanaokwenda kutafuta kazi Uarabuni, ndio wanaonaswa zaidi na mtego huu.

Wasafiri wa nje wakumbuke pia kwamba saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya kule waendako. Kigali na Bujumbura ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiruka Dar es Salaam saa nne asubuhi ukakaa hewani saa mbili, Kigali utakuta wenyeji wanasema ni saa tano. Kwenda Muscat ni kinyume chake, kwa kuwa wao wametutangulia kwa saa moja. Anayetoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, bila kujua hayo, atapata muda wa safari usiokuwa wa kweli.

Mwanza haina taabu hiyo. Saa ya ukutani kule ni ile ile ya Dar es Salaam. Hata hivyo jua halikubaliani kabisa na saa hiyo. Dunia huzunguka uzi mmoja wa longitudo kwa kila dakika nne. Zile nyuzi 6 na dakika 16 tulizozihesabu mwanzo ni sawa na dakika 25 za saa. Kwa hiyo jua la utosi huwafikia watu wa Mwanza dakika 25 baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam, ingawa redio inawatangazia wote saa moja. Mgeni kutoka Pwani akiona giza linachelewa kuingia kule, asidhani saa yake imeharibika.

KABLA HUJALIPA

Ndugu msomaji, kutokana na hayo yote naomba nikuachie mambo machache ya kufanya kabla hujatoa fedha zako.

Kwanza, andika kwenye karatasi safari yako yote kutoka mlango hadi mlango, kila kipande na muda wake. Usisahau kipande cha mwisho. Kufika Mwanza si kufika nyumbani kwa anayekwenda Sengerema au Geita. Baba Mkubwa alivuka kwa pantoni, ambayo kuvuka kwake peke yake kulikula karibu nusu saa, ukiacha foleni ya kuingojea. Tangu Juni 2025 lipo daraja kutoka Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kiasi cha kilomita tatu, na gari hulivuka kwa dakika chache. Kwa abiria wa Sengerema, daraja hilo limepunguza safari ya ndege kutoka Dar es Salaam kwa muda mrefu kuliko ambavyo ndege yenye kasi zaidi ingeweza kuipunguza.

Pili, uliza ni jengo gani. Kiwanja cha Julius Nyerere kina majengo ya abiria yaliyo mbalimbali. Jengo la Pili lilifunguliwa mwaka 1984, na Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, hutumiwa na safari za kimataifa. Abiria wa Mwanza akishushwa penye Jengo la Tatu kwa kuvutiwa na ukubwa wake, atalazimika kurudi na mizigo yake huku dakika zikimwishia.

Tatu, uliza aina ya ndege, na kama inatua njiani. Uliza pia kaunta inafungwa muda gani kabla ya kuruka. Ndege ya saa moja ni ya saa moja kwa rubani. Kwa abiria aliye nje ya kaunta iliyofungwa, imekwisha ondoka hata kama anaiona kwa macho.

Nne, na hili ndilo kubwa, usimsomee mtu namba. Mwambie saa kwa Kiswahili kamili, pamoja na sehemu ya siku na jina la siku: "Alhamisi, saa moja asubuhi." Kisha mwombe akurudie alivyosikia. Ukimpelekea tiketi mzee, au mtoto wa shule, au mama anayesafiri kwa mara ya kwanza, chukua kalamu uandike maneno hayo juu ya tiketi yenyewe. Wino huo haugharimu kitu. Kuuliza si ujinga, na kurudia si kumdharau mtu.

Baba Mkubwa hakunilaumu. Aliporudi Dar es Salaam nilikwenda Gongo la Mboto kumwomba radhi, nikiwa nimetayarisha maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, siku nyingine ukinipa saa, niambie na jua liko wapi."

Mwaka jana alisafiri tena kwenda Mwanza, safari hii kwa harusi. Tiketi niliinunua mimi, kwa kuwa hakumtaka mtu mwingine ainunue. Namba zilizokuwa juu yake zilikuwa zile zile, 07:00. Chini yake niliandika kwa kalamu nyekundu: "Saa moja asubuhi, jua ndio kwanza limechomoza. Nitakufuata saa kumi alfajiri, bado giza."

Nilipofika kwake na teksi saa kumi kamili, nilimkuta amekwisha vaa, ameketi barazani, na tiketi iko mkononi.